Maksai Wanne Mbele ya Lori la Umeme

Maksai walikuwa wanne: wawili weusi, mmoja wa kijivu, na mmoja mwenye baka jeupe kwenye paji la uso. Walikwenda polepole, shingo zimeinama chini ya nira, na mnyororo uliofungwa kwenye bampa ulilia kila walipobadilisha hatua. Nyuma ya mnyororo lilifuata lori jeupe, jipya, ubavuni limeandikwa kwa herufi za kijani: HALITOI MOSHI, HALIPIGI KELELE. Na ndani ya lori, nyuma ya usukani, nilikuwa nimeketi mimi, Machibya, katika shati jeupe la mikono mirefu lenye kalamu mbili mfukoni.

Ilikuwa Jumapili, saa saba mchana. Makanisa ya Bariadi yalikuwa yakitoa watu wa ibada ya mwisho, kwa hiyo mji mzima ulikuwa barabarani, umevaa vizuri, hauna haraka. Dereva anayekokotwa hana kazi ya kufanya na miguu yake. Nilishika usukani kwa mikono miwili, nikatazama mbele kama mtu anayeendesha kweli, na tulipofika njia panda, nakiri, niliwasha taa ya kuonyesha kwamba nageuka kulia.

"Mzee Machibya!" aliita mama mmoja mwenye Biblia kwapani. "Ndilo lile la umeme? Mbona umeme wenyewe una pembe?"

Watu walicheka mpaka wengine wakashikana mabega. Mbele ya maksai alitembea kaka yangu Bujiku, fimbo begani, hakugeuka wala hakutabasamu.

Miaka mitatu imepita. Watu wakinikumbusha siku ile hucheka, nami hucheka nao, kwa sababu wanadhani aibu yangu ni maksai. Ingekuwa maksai tu, ningekwisha kupona.

Nilijifunza kusoma nikiwa na miaka ishirini na miwili, na mtoto mmoja nyumbani. Mchana nilikuwa utingo kwenye malori ya pamba. Jioni, vumbi la pamba likiwa bado masikioni, nilikwenda darasa la watu wazima lililofanyika kwenye ghala la chama cha msingi cha wakulima. Tulikalia magunia. Mwalimu wetu aliitwa Lukresia, binti mdogo kuliko wengi wetu, na alikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwa mwalimu mwingine. Akimaliza kueleza jambo hakuuliza nani ameelewa. Alisema, "Asiyeelewa asimame. Aliyeelewa aketi, huyo hatuna shida naye." Na aliyesimama hakuketi mpaka aelewe.

Si jambo dogo kwa mwanamume mwenye mke kusimama mbele ya majirani zake na kukiri kwamba herufi mbili zinamshinda. Wengi waliacha kuja kwa sababu hiyo. Mimi nilisimama. Nilisimama jioni nyingi kuliko mtu yeyote katika ghala lile, na hivyo ndivyo nilivyopata kusoma, kisha leseni, kisha lori langu la kuendesha. Nikiwa na miaka arobaini na mmoja nilifanya mtihani wa QT, ule wa waliosomea nje ya shule, pamoja na watoto wa rika la mwanangu, nikafaulu. Nilinunua kamusi. Nikawa mtu wa kusoma matangazo kanisani na kuandika barua za watu wa mtaani. Sikumbuki ni mwaka gani nilisimama kwa mara ya mwisho kusema sijaelewa.

Bujiku hakusoma. Alibaki Nkololo na ng'ombe wa baba, akawaongeza, akaoa, akajenga. Kila nilipokwenda kumwona na kitabu mfukoni aliniuliza swali lile lile, mbele ya watu: "Machibya, hizo herufi zako zinatoa maziwa kiasi gani?"

Alisema kwa utani wa ndugu. Mimi sikuusikia hivyo. Kwa miaka zaidi ya arobaini nilikuwa nikitafuta jibu la swali lile, na siku lori la umeme lilipofika Bariadi nilidhani nimelipata.

Lori hilo lililetwa na kampuni ya kusambaza bidhaa, iliyokuwa na ghala karibu na stendi. Walitaka kujaribu kwa miezi sita kama gari la umeme linaweza kupeleka soda, unga na saruji kwenye maduka ya mjini: Somanda, Malambo, Sima, kote ambako malori ya dizeli hunguruma na kusimama, hunguruma na kusimama, mpaka yanamaliza mafuta bila kwenda popote. Majaribio yakifaulu, walituambia, yangekuja malori kumi na kituo cha kuchajia, na vijana wetu wangepata kazi. Yasipofaulu wangepeleka mpango wao mji mwingine. Walihitaji dereva anayejua kila duka na kila mtaro. Nilikuwa na miaka sitini na sita, nimestaafu, na hakukuwa na mtu aliyeujua mji kunizidi.

Na alikuwepo Felisita.

Alikuwa binti wa Nassa, kule ziwani, wa miaka ishirini na sita, aliyesomea ufundi wa umeme Mwanza. Kazi yake ilikuwa kulichaji lori kila siku baada ya kazi, kuandika kwenye chati ukutani asilimia ya betri lilipotoka na liliporudi, na kunifundisha mimi. Mkataba wake ulikuwa wa majaribio, wa kwanza maishani mwake, na alikuwa akisomesha wadogo zake wawili kwa mshahara ule. Alivaa ovaroli ya bluu iliyomzidi ukubwa. Kila asubuhi, nilipoingia getini, aliacha alichokuwa akifanya, akapiga goti moja kwenye saruji yenye madoa ya grisi, na kunisalimu kwa Kisukuma kama wajukuu zangu, akiniita Guku, yaani babu.

"Mwangaluka, Guku."

"Mwangaluka, mayu."

Wapakiaji walimcheka. Mafundi hawapigi magoti, walisema. Yeye alijifuta grisi gotini na kuwajibu, "Goti ni langu, ovaroli ni ya kampuni. Ninyi mnalilia lipi?"

Alinifundisha kwa subira. Nambari kubwa kwenye kioo ni asilimia ya betri. Isishuke chini ya ishirini kabla hujarudi. Lori lisitoke nje ya mji. Lilale ghalani. Haya yote niliyaandika kwenye daftari. Lakini lilikuwepo somo moja lililonikataa, au niseme mimi ndiye niliyelikataa.

Katika malori ya pamba, mteremko ulikuwa mali ya dereva. Ukifika juu ya kilima unaitoa gia, unaweka nyutro, unaacha uzito wa mzigo uteremke wenyewe, na dizeli inabaki kwenye tangi. Huo ndio ufundi uliotofautisha dereva na mtu aliyeshika usukani. Nilifundishwa na waliofundishwa na wengine, na katika ujana wangu nilisifiwa kwa jinsi nilivyoweza kuteremka mbali bila injini kufanya kazi.

"Hili ni kinyume, Guku," alisema Felisita siku ya kwanza tulipoteremka pamoja kuelekea mtoni. "Usiweke nyutro. Liache kwenye gia, toa tu mguu kwenye mafuta."

"Mafuta gani? Hili lina mafuta?"

Alicheka. "Basi kwenye pedali. Likiwa kwenye gia, magurudumu yanaizungusha mota, na mota inarudisha umeme kwenye betri. Mteremko unakulipa. Ukiweka nyutro umekataa malipo."

Nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Sikuelewa. Nilichojua ni kwamba lori likiwa kwenye gia linajizuia, nalihisi likisita chini yangu kama punda, na gari linalojizuia haliwezi kuwa linaokoa kitu. Nilipaswa kusema hivyo. Nilipaswa kusimama. Badala yake, kila nilipokuwa peke yangu, niliweka nyutro.

Jumamosi moja mwezi wa nane nilimaliza mizunguko yangu mapema. Msimamizi wetu, Athanasi, alikuwa safarini Mwanza hadi jioni. Felisita alikuwa amepewa ruhusa ya nusu siku kwenda kuwaona wazazi wake, na funguo za chaja alimwachia mlinzi. Kioo kilisoma asilimia sitini na mbili.

Wiki hiyo Bujiku alikuwa amenunua saruji mjini kwa ajili ya nyumba yake mpya, akawa anatafuta gari la kuipeleka Nkololo. Nikamwambia mlinzi kwamba nina mteja mmoja wa mwisho, pembeni mwa mji. Nikaipakia saruji ya kaka yangu kwenye lori la kampuni na kuondoka.

Sitasema kwamba sikufurahi. Barabara ilikuwa kavu. Mashamba ya pamba yalikwisha kuvunwa, mabua yamesimama mekundu kwenye jua la alasiri, na lori lilipita katikati yake bila sauti, isipokuwa mawe madogo yaliyochezacheza chini ya matairi. Niliwapita ng'ombe wakirudi kutoka kunywa maji na hawakuinua vichwa. Nilipoingia kwa Bujiku, mbwa hakubweka. Nyanjige, mke wa kaka yangu, alikuwa akianua michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa juani. Aligeuka akaliona lori hatua tano nyuma yake, akaangusha ungo.

"Mmelisukuma tangu wapi?" aliuliza.

Wazee wa jirani walikuja. Niliwaeleza kila kitu kwa lugha ya kitaalamu: betri, mota, asilimia. Niliwapandisha, nikawazungusha mpaka kwenye josho na kurudi, kisha kundi la pili, kisha la tatu, na wote waliposhuka walinitazama kama nilivyotamani kutazamwa. Bujiku peke yake hakupanda. Alilizunguka lori mara mbili, akainama kuangalia chini mahali ambapo injini ingekuwepo.

"Gari lisilo na sauti," alisema hatimaye. "Mwenyewe akifika, watu wajuaje?"

"Wanaambiwa," nilisema. "Wanasoma ubavuni."

Alicheka, safari hii cheko zuri, akanipiga begani. "Haya, msomi. Umeshinda leo."

Nililala kwake, kitandani mwa wageni, kwenye shuka alilolitandika Nyanjige. Sijawahi kulala vizuri namna ile.

Asubuhi kioo kilisoma asilimia ishirini na nne. Nilichukua kalamu nikapiga hesabu nyuma ya daftari. Lori likiwa limejaa umeme huenda kilomita mia moja na ishirini. Robo yake, kasoro kidogo, ni kama ishirini na tisa. Mpaka getini ni ishirini na nne. Zinabaki tano. Hesabu ilikuwa safi, ningeweza kumwonyesha Mwalimu Lukresia. Haikuwa na mahali pa kuandika magunia ya mpunga aliyonipakilia Bujiku, wala mchanga wa barabara, wala vilima. Na kwenye kila mteremko, ili kuwa na uhakika zaidi, niliweka nyutro.

Lilizimika kilomita saba kabla ya mji. Halikukohoa wala kutikisika kama gari la dizeli linapoishiwa. Lilipunguza mwendo kwa adabu, likasimama, na kioo kikawa cheusi, nikajiona humo.

Nilimpigia simu Bujiku. Alikuja na maksai, wakivuta mkokoteni. Alipofika aliwafungua, akauacha mkokoteni na magunia ya mpunga kwa watu wa pale, akafunga mnyororo kwenye bampa mwenyewe. Nilingoja utani wake. Njia nzima niliungoja. Kilomita saba, hakusema neno la kunidhihaki. Mara mbili tu aligeuka kuuliza kama mnyororo hauliharibu lori. Najua sasa kwamba alikuwa akinihurumia. Wakati ule huruma yake iliniuma kuliko vicheko vya watu wa kanisani, na ndani ya lori, mikono yangu ikiwa kwenye usukani usioongoza kitu, nilianza kutunga.

Athanasi alikuwa amesimama getini katika suti yake ya ibada. Mlinzi alikuwa ameshampigia simu.

"Mzee, nini hiki?"

"Limezimika jana jioni," nilisema, "kule nje ya mji, baada ya mteja wa mwisho. Sikuweza kuliacha peke yake. Nimelala humo ndani, nikilinda mali ya kampuni. Asubuhi ndipo nikampata huyu mzee mwenye maksai, akakubali kunisaidia."

Huyu mzee mwenye maksai. Tumenyonya titi moja.

Athanasi alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Umelala kwenye gari, kwa umri wako? Mzee Machibya, watu kama wewe hawapo tena." Kisha akakunja uso. "Lakini Felisita ameandika asilimia mia jana asubuhi. Inakuwaje lizimike kwa mizunguko ya mjini?"

Hapo palikuwa na nafasi. Nairudia mara nyingi, naipima upana wake. Mtu angeweza kupita hapo na maksai wanne.

"Ameandika," nilisema. "Kuandika ni jambo moja. Kuchomeka waya ni jingine."

Mlinzi alileta ndoo ya maji kwa ajili ya maksai. Bujiku alikuwa anafungua mnyororo, kiungo baada ya kiungo, mgongo wake ukiwa kwetu.

"Wape maji, mzee wangu," Athanasi alimwambia. "Umetusaidia sana."

"Watakunywa mtoni," alisema Bujiku.

Aliutupa mnyororo begani. Aliponipita alisimama kidogo, akaniambia kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini, bila hasira: "Kitanda ulicholalia jana, Nyanjige ameshakitandika." Akawaswaga maksai wake, akaenda.

Kesho yake wakubwa wawili kutoka makao makuu walifika kwa ajili ya kikao. Niliwahi. Felisita alikuwa kwenye banda la kuchajia, amerudi kutoka Nassa alfajiri ile, na nilimwona usoni kwamba ameshaambiwa. Hata hivyo aliweka chini koleo, akapiga goti.

"Mwangaluka, Guku."

Nilijibu. Alisimama, akanipa bahasha ya kaki kwa mikono miwili.

"Soma kabla hatujaingia," alisema. "Nimezungushia kalamu."

Nilikwenda nyuma ya ghala nikaifungua. Lori lile lilikuwa na kifaa kinachokumbuka kila lilikopita, jambo ambalo sikulijua, na pale ghalani ni yeye peke yake aliyejua kuyachapisha hayo. Karatasi ya kwanza ilikuwa ramani: mstari mmoja kutoka ghalani mpaka Nkololo, vijistari vitatu kwenda kwenye josho, usiku kucha nukta moja isiyosogea, uani kwa kaka yangu, kisha mstari wa kurudi. Karatasi ya pili ilikuwa na saa na asilimia. Miduara mitano ya wino mwekundu ilizunguka miteremko mitano, na pembeni ya kila mmoja mwandiko wake mdogo, ulionyooka: nyutro. Chini kabisa aliandika: "Guku, kama lingebaki kwenye gia, lingefika getini na asilimia mbili."

Hakuwa ameandika juu ya uongo wangu. Hakuandika neno "kwa nini". Lilikuwa somo, kama masomo mengine yote.

Nataka kusema ukweli hapa, maana ndipo penye kiini cha jambo. Kilichonichoma si kwamba amejua nilikokwenda. Kilichonichoma ni asilimia mbili. Niliisoma ile sentensi, nikaielewa yote mara moja, mota na mteremko na malipo, nikaona kwamba tangu siku ya kwanza binti huyu alikuwa sahihi na mimi sikuwa nimeelewa. Nikamchukia kwa dakika kumi. Ilitosha, kwa sababu kikao kilianza ndani ya dakika hizo kumi.

Tulikaa kwenye viti vya plastiki ofisini kwa Athanasi. Bahasha ilikuwa kwapani mwangu. Felisita alikaa mbele yangu, mikono mapajani, akinitazama bila kunikazia macho, kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi anayelijua jibu. Mkubwa mmoja, mwanamke mwenye miwani, alinigeukia kwanza.

"Mzee, wewe ndiye uliyekuwa kwenye gari. Kwa maoni yako tatizo ni betri au ni namna lilivyochajiwa?"

Felisita alishusha pumzi. Nilimwona akingoja. Nilikaza mkono kwapani mpaka bahasha ikakunjika.

"Huyu binti ana bidii," nilisema. "Ila vijana wana haraka. Ijumaa jioni mawazo yake yalikuwa kwenye safari ya nyumbani."

Yule wa miwani aliandika kitu. Feni ilizunguka.

"Felisita, una la kusema?" aliuliza Athanasi.

Aliiangalia bahasha, ncha yake ya kaki ikichungulia chini ya mkono wangu. Kisha akaniangalia mimi, na jambo fulani usoni mwake likafungwa taratibu, kama duka linavyofungwa na mtu ambaye hana mpango wa kurudi kesho.

"Sina," alisema. "Mzee ameshasema."

Walimwambia akabidhi funguo siku ile ile. Nilikuwa nimesimama kando ya lori, nikijifanya nakagua matairi, alipopita na mkoba wake na ovaroli iliyokunjwa. Hakupiga goti, na sikulitegemea. Alisimama wima akanyoosha mkono, nikaushika.

"Kwaheri, Mzee Machibya," alisema.

Sikuwa Guku tena.

Majaribio yaliendelea wiki sita bila fundi wa maana, kisha yakafungwa. Tulisikia kwamba ripoti ilisema hali ya Bariadi haifai. Malori kumi hayakuja. Lile moja lilipakiwa juu ya lori la dizeli, likaondolewa, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliolifunga kamba. Kanisani niliendelea kusoma matangazo. Watu waliendelea kuniletea barua zao niwaandikie, na nikiandika "kwa heshima na taadhima" mkono wangu ulisita mahali ambapo haukuwahi kusita.

Kwa Bujiku huenda. Hunipa kigoda, tunaongea habari za mvua na bei ya pamba. Hajaniuliza tena herufi zinatoa maziwa kiasi gani. Ningetoa kitu kikubwa aniulize. Mara moja nilianza kusema, "Kaka, siku ile..." Akainuka, akasema ng'ombe wanarudi. Walikuwa wanarudi kweli. Saa ya kulala ikikaribia husema nina shughuli mjini, na Nyanjige hajawahi kunizuia.

Bahasha niliiweka ndani ya kamusi. Mara nyingi nilitaka kuichoma. Mara moja niliandika barua kwa makao makuu, kurasa nne, Kiswahili safi, nikaisoma na kugundua kwamba katika kurasa zote nne nilikuwa nimeeleza elimu yangu, na jina la Felisita limetokea mara moja tu. Nikaichana.

Mwezi wa pili mwaka huu, kampuni nyingine ilipata ghala lile lile na kubandika tangazo getini: mafunzo ya madereva wa magari ya umeme ya mizigo, siku tatu, watu wote wanakaribishwa. Chini palikuwa na jina la mkufunzi, kutoka Mwanza. Nilisoma jina hilo nikiwa nimesimama juani, nikalisoma tena, ingawa lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa.

Siku ya kwanza sikwenda. Siku ya pili nilifika mpaka getini. Siku ya tatu nilivaa shati jeupe, nikachukua daftari na ile bahasha, nikaingia.

Walikuwa vijana kama ishirini, wamekaa juu ya mifuko ya saruji na makreti ya soda. Nilipata kreti nyuma kabisa. Felisita alisimama kando ya ubao, amenenepa kidogo, ovaroli ya saizi yake. Aliniona. Alisema, "Karibu, mzee," kama angemwambia yeyote aliyechelewa, akaendelea.

Alifundisha vizuri kuliko zamani. Alichora kilima, akachora lori juu yake, akaeleza habari ya gia na pedali na mota. Kijana mmoja alicheka na kusema baba yake huweka nyutro mpaka stendi, mafuta hayaishi wiki nzima, na wenzake wakacheka naye. Felisita hakucheka. Aligeuka ubaoni akaandika: NYUTRO MTEREMKONI. Kisha akatugeukia.

"Ambaye hajaelewa hapa ni nani?"

Hakuna aliyejitikisa. Nilijua ule utulivu. Kila mmoja alikuwa akimtazama jirani yake.

Magoti yangu yana miaka sitini na tisa, na kreti ya soda ni fupi. Nilishika bega la kijana wa mbele yangu, nikasimama.

"Mimi sikuelewa," nilisema. "Liliniishia umeme njiani kwa ajili hiyo."

Vijana waligeuka. Mmoja alinitambua, nilimsikia akimnong'oneza mwenzake habari ya maksai, na kicheko kikaanza kupita kwenye makreti. Felisita alingoja mpaka kilipokwisha. Hakunisaidia, wala hakunizuia. Alichukua chaki.

"Ulitoka na asilimia ngapi, Mzee Machibya?"

"Ishirini na nne."

Aliandika ubaoni: 24.

"Siku iliyotangulia lilikuwa limechajiwa?"

"Lilichajiwa. Lilijaa kabisa. Aliyelichaji hakukosea kitu."

Mkono wake ulikuwa umeinuka, tayari kuandika. Haukuandika. Aliushusha, mgongo wake ukiwa bado kwetu.

"Na ulitokea wapi?" aliuliza.

"Nkololo. Nililala kwa kaka yangu. Anaitwa Bujiku, na maksai walikuwa wake."

Chaki iligusa ubao. Aliandika: Nkololo. Kisha akachora mstari kutoka Nkololo mpaka kwenye lile lori lake juu ya kilima, na mimi nikabaki nimesimama, bahasha yake mkononi, nikingoja swali linalofuata.